Kuchukua damu: sindano ndiyo sehemu rahisi

Kila kundi jipya la wanafunzi huja na maneno yaleyale: "Mwalimu, tufundishe kupata mshipa, mengine tutayajulia kazini." Nimechoka kuyasikia, kwa sababu hayo mengine ndiyo kazi yenyewe. Mshipa utaupata tu, mkono huzoea. Makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Angalia mpangilio wa tyubu. Mwanafunzi anajaza ya zambarau kwanza, kisha ya kifuniko chekundu, na haoni ubaya: si damu ileile? EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye ya zambarau, ina potasiamu, tena hunasa kalisi. Ikipenya kidogo tu kwenye tyubu inayofuata, potasiamu inasomeka juu, kalisi chini, na daktari anaweza kuanza kumtibu mtu ugonjwa asio nao. Ndiyo maana chupa za kuotesha bakteria hutangulia, ikafuata ya sitrati yenye kifuniko cha buluu, ya seramu (ile nyekundu), ya heparini (sitrati na heparini nazo huzuia damu kuganda), ya EDTA, na ya floraidi, inayotunza sukari ya damu, mwisho. Ya buluu ijae mpaka kwenye alama, maana kipimo chake ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Ikipungua, damu itaonekana inachelewa kuganda. Na tyubu hupinduliwa taratibu. Ukizitikisa unapasua chembe nyekundu, potasiamu inapanda tena.

Halafu jina. Usimuulize mgonjwa "Wewe ndiye fulani?", kwani mwenye homa kali huitikia lolote. Mwache ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa. Lebo inabandikwa palepale alipo, damu ikishaingia kwenye tyubu, kamwe si kabla. Hili sina mjadala nalo.

Eti mshipa mzuri ni ule unaoonekana? Utafute kwa kidole. Unaobonyea na kurudi ndio wako. Unaodunda ni ateri, uache.

Eti mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi ili mshipa ujitokeze? Hiyo nayo hupandisha potasiamu. Afumbe tu, na mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika 1.

Eti anayeogopa damu hafai? Wengi huzoea. Ninayemhofia mimi ni asiyeogopa kitu, kwa sababu ndiye anayechoma mara ya tatu. Ukikosa mara 2, mwite mwenzako.