Kuona maji ndani ya chuma: picha za nyutroni na siwa zetu mbili

Kila nikisema kazi yangu ni kupiga picha kwa nyutroni, swali la kwanza ni lile lile: kwani eksirei ina shida gani? Haina shida. Eksirei ni nzuri na hapa Nairobi iko kila mtaa, lakini kuna vitu haivioni vizuri na hivyo vitu ndio mara nyingi tunavitafuta tukitaka kujua ndani ya kitu kuna nini bila kukikata. Maji, mafuta, mpira, gundi, nta, mizizi. Yaani chochote chenye haidrojeni nyingi, na hasa kikiwa kimejificha ndani ya chuma.

Wacha nieleze venye inaenda. Eksirei inashughulika na elektroni za atomu, kwa hivyo atomu ikiwa na elektroni nyingi ndio inaizuia zaidi, ndio maana mfupa unaonekana na nyama inafifia, na ndio maana aproni ya wale wahudumu wa eksirei inawekwa metali ya risasi. Nyutroni, ile chembe inayokaa ndani ya kiini cha atomu, haina chaji, wingu la elektroni linaipitisha tu mpaka ikutane na kiini chenyewe, na viini havifuati mpangilio wa uzito hata kidogo. Haidrojeni ambayo ni atomu nyepesi kuliko zote inatawanya nyutroni vibaya sana, alumini inaziacha zijipitie, risasi nayo inaziacha, halafu boroni inazimeza, gadolini ndio usiseme.

Chukua sentimita 1 ya risasi: karibu theluthi mbili ya nyutroni za polepole, zile tunazotumia kwa picha, zinatokea upande ule mwingine. Sentimita 1 ya alumini, karibu asilimia 90. Sasa weka sentimita 1 ya maji, hapo hata asilimia 5 haifiki. Mimi huwa narudia hizi namba kwa wanafunzi mpaka wanazichoka, juu ukizielewa umeelewa kazi yote. Tone la maji ndani ya bomba la risasi, eksirei inaona bomba na nyutroni inaona tone.

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road aliniuliza swali ambalo ni zuri kuliko mengi nimewahi kuulizwa kwa mikutano: "Sasa boss, hiyo kitu inaweza kuniambia injekta imeziba wapi kabla sijaifungua?" Inaweza. Injekta ya dizeli ni chuma lakini si nene sana kwa nyutroni, za kutosha zinapita, na dizeli yenyewe ni haidrojeni na kaboni tu, kwa hivyo kwa picha unaona chuma kama kivuli cha kijivu na ndani yake dizeli iko nyeusi zaidi, oringi ya mpira iko nyeusi, na kama imekatika unaona mahali imekatika. Unaweza hata kufuata oili ikitembea ndani ya injini inayozunguka, watu wamefanya hivyo Ulaya kwa injini nzima. Lakini pia nilimwambia ukweli, hakuna mtu atapeleka injekta moja ya Probox kwa kinu cha nyuklia, hiyo ni kazi ya kampuni inayounda injekta na inataka kujua muundo wake una kasoro wapi.

Na hapo ndio tunafika kwa shida kubwa: nyutroni zinatoka wapi. Eksirei unachomeka kwa stima. Nyutroni ikiwa huru inaishi wastani wa karibu dakika 15 tu kabla ivunjike, kwa hivyo lazima uizalishe na uitumie hapo hapo. Vyanzo vyenye nguvu ya kutosha ni viwili, kinu cha utafiti ambapo uraniamu inapasuka, au mtambo unaorusha protoni zikagonge metali nzito. Zikitoka kwa uraniamu zina kasi ya kama kilomita 20,000 kwa sekunde, hazifai kwa picha nyingi, zinapitishwa kwa maji ndio zipoe. Mliocheza bano mnajua: bano ikigonga nyingine ya saizi yake inaiachia mwendo wote, ikigonga jiwe kubwa inaruka tu na kasi yake. Kiini cha haidrojeni kina uzito karibu sawa na wa nyutroni, kwa hivyo baada ya kugongana mara kadhaa kasi inashuka mpaka karibu mita 2,200 kwa sekunde. Hizo sasa ndio za kazi.

Kutoka hapo kuna bomba refu linalopitisha tu zile zinazoenda moja kwa moja, kitu chako kinasimama kwa meza inayozunguka, nyuma yake kuna kioo cha lithiamu na salfaidi ya zinki. Nyutroni ikimezwa na lithiamu-6 inapasua hicho kiini vipande viwili na vipande vinafanya salfaidi iwake, mwanga hafifu sana, kamera inausoma ndani ya boksi la giza. Kamera haiangalii moja kwa moja, inaangalia kupitia kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa nyuzi 45, juu ikikaa kwa njia ya miale itaharibika haraka. Picha moja inaweza kuchukua sekunde kadhaa au zaidi ya dakika. Ukitaka umbo zima unazungusha kitu kidogo kidogo, unapiga mamia ya picha, kompyuta inaziunganisha na unaweza kukata kitu vipande kwa skrini bila kukigusa. Kawaida unaona vitu vya mpaka kama sehemu ya kumi ya milimita, na vituo bora vinashuka chini ya hapo sana.

Sasa kitu ambacho mimi binafsi nakifikiria sana: siwa zetu, yale mabaragumu makubwa ya sherehe ya pwani. Makumbusho ya Lamu yana siwa mbili maarufu, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Watu wengi wangedhani ukiwa na nyutroni unazipiga zote mbili. Hapana, na hii ndio naomba msomaji aishike. Pembe ya ndovu ina protini na unyevu, yaani haidrojeni nyingi, nyutroni nyingi zingeishia ndani ya ukuta mnene na ungebaki na doa jeusi. Siwa ya Pate ni ya eksirei, pembe inaonekana vizuri sana huko na nyufa zake pia.

Siwa ya shaba ni hadithi ingine. Eksirei ya kawaida ya hospitali inahangaika na shaba nene lakini kwa nyutroni sentimita 1 ya shaba inapitisha zaidi ya theluthi moja. Ungeona unene wa ukuta kutoka mdomoni mpaka mwisho, mapovu ya hewa yaliyobaki fundi alipomimina, mahali iliungwa, na kama kuna udongo wa kalibu umekwama kwa kona ungeonekana pia, juu udongo unashika maji. Hiyo ingetuambia jinsi fundi alivyofikiri, alianza kumimina upande gani, aliogopa wapi akaongeza shaba. Sijui kitu kingine kinachoweza kuuliza maswali hayo bila kutoboa chombo ambacho hakuna mtu ana ruhusa ya kutoboa.

Lakini kuna bei. Nyutroni zikimezwa zinaacha vitu vikitoa mionzi kidogo. Alumini inapoa haraka, nusu yake inaisha kwa dakika 2 na kitu. Shaba ni karibu masaa 13. Zinki ambayo iko ndani ya shaba ya njano inatengeneza kiasi kidogo cha zinki-65 na hiyo inachukua siku 244 kupungua nusu, na kobalti ndio mbaya, miaka 5 na zaidi. Kwa picha za kawaida kiasi ni kidogo na kitu kinawekwa stoo kikipoa mpaka mita iseme sawa, ila mimi singekubali kitu cha makumbusho kiingie kwa miale kabla mtu hajapima kwanza ndani kuna metali gani na akafanya hesabu ya kitakaa siku ngapi. Kifaa cha kupimia metali kwa eksirei kinasaidia kuanza, unashika tu mkononi, hiyo Nairobi iko.

Kwa majengo yetu mimi naona faida ingekuwa haraka zaidi. Kata kipande cha zege chenye ufa, kiweke upande mmoja ndani ya maji, piga picha moja baada ya nyingine na unatazama maji yakipanda kwa ufa na kuelekea kwa nondo. Unajua ufa wa upana gani unanyonya kwa kasi gani, na hapo mjadala wa mchanganyiko gani wa simiti ni mzuri unakuwa na picha badala ya kelele. Wenye kilimo nao wana ujanja mtamu: maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina nyutroni ya ziada, hayazuii nyutroni kama ya kawaida, kwa hivyo ukimwagia mmea maji mazito unaona mzizi upi unakunywa na upi umelala tu kwa udongo.

Afrika hii tunavyo vinu. Afrika Kusini ina SAFARI-1 pale Pelindaba, megawati 20, kinafanya kazi tangu 1965 na picha za nyutroni zimepigwa huko, Moroko ina cha megawati 2. Kenya imekuwa ikipanga kinu chake cha utafiti na ombi langu kwa wanaochora ramani ni moja: bomba la kupigia picha liwekwe kwa mchoro sasa hivi. Baadaye kutoboa ukuta wa kinu ili uongeze bomba ni gharama ya kukatisha tamaa, na ukitegemea bomba lililobaki baada ya kila mtu kuchagua lake utapata miale iliyojaa mionzi ya gama na nyutroni za kasi.

Mwenye sampuli asingoje hicho kinu. Vituo kama vya Villigen kule Uswisi vinapokea maombi ya watafiti wa nje na vinatoa muda wa miale kwa ushindani. Ukiandika ombi sema saizi, metali zilizomo, na unatafuta nini hasa. Funga sampuli kwa foili ya alumini, usitumie seloteipu wala mfuko wa plastiki, vyote vina haidrojeni na vitatokea kwa picha kama mabaka. Na kama mtu aliwahi kuweka gundi au nta kwa hicho kitu miaka ya nyuma, iandike kwa fomu, juu itaonekana kabla ya kitu kingine chochote.