Kabla hujagusa kilichomwagwa darini: dhana na ukweli kuhusu asbesto

Ukinunua nyumba kuukuu Marekani, bili ya kwanza ya msimu wa baridi itakupandisha darini kutazama kama kuna kitu cha kuzuia baridi. Usianze kuking'oa kabla hujajua ni kitu gani: huenda kina asbesto, madini ya nyuzi laini ambazo zikivutwa na pumzi zaweza kuleta saratani.

“Asbesto ilipigwa marufuku zamani.”
Marufuku ya mwaka 1989 ilitenguliwa na mahakama kwa sehemu kubwa 1991. Krisotili, aina ya mwisho ya asbesto iliyokuwa ikiingizwa nchini humo, ilipigwa marufuku 2024. Na hakuna sheria inayopanda darini kuondoa kilichokwisha kumwagwa.

“Chochote cha zamani huko juu ni asbesto.”
Hapana. Yale mablanketi ya faibaglasi ya waridi au njano kwa kawaida hayana. Cha kuogopwa ni vemikulaiti: chembe nyepesi zinazong'aa, za rangi ya fedha au kahawia ya dhahabu, zenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Vemikulaiti yenyewe si asbesto. Shida ni mahali ilikotoka. Mgodi wa Libby, Montana, ulitoa zaidi ya asilimia 70 ya vemikulaiti yote iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990, na mwamba wake ulikuwa umechanganyika na asbesto. Ikauzwa kwa jina Zonolite. Kampuni ya W. R. Grace iliumiliki mgodi huo tangu 1963 hadi ulipofungwa 1990. Wachimbaji walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, na wake na watoto wao nao wakaugua. Mwaka 2009 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza Libby kuwa katika dharura ya afya ya umma, jambo ambalo halikuwahi kulifanya popote.

“Nitapima sampuli moja, ikiwa safi nimemaliza.”
Nyuzi za asbesto hazikutawanyika sawasawa. Gao la chembe za juu laweza kuja safi ilhali zilizotua chini zimejaa. EPA yenyewe inashauri vemikulaiti ichukuliwe kuwa ina asbesto, na mimi nakubaliana nayo kabisa: fedha ya kupima afadhali iende kwa fundi mwenye leseni ya kuondoa asbesto.

“Barakoa na mashine ya kufyonza vumbi zinatosha.”
Barakoa ya kawaida haizuii nyuzi hizo, na mashine ya nyumbani huzipuliza upya hewani. Anayezivuta hahisi kitu siku hiyo. Saratani ya mapafu na mesothelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu na viungo vingine) huja baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10. Kwa hiyo usifagie, usihifadhi maboksi huko, watoto wasipande. Ziba nyufa za dari kuzunguka taa na mlango wa darini. Mwambie mapema fundi wa umeme anayekuja kupitisha nyaya, maana yeye ndiye atakayetambaa humo.

“Gharama yote ni yangu.”
Si lazima. Baada ya W. R. Grace kufilisika, uliundwa mfuko unaowarudishia wenye nyumba Marekani sehemu ya gharama za kuondoa Zonolite. Piga picha kabla ya kazi kuanza, na utunze risiti.