Hitilafu ndani ya programu yenye nyuzi nyingi

Katika upangaji wa programu za kompyuta, uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa kwa mpangilio wake, na programu moja inaweza kuendesha nyuzi kadhaa kwa pamoja, zote zikitumia kumbukumbu ileile. Hitilafu inapozuka, hupanda kupitia sehemu zilizoitana ndani ya uzi wake, moja baada ya nyingine, ikitafuta mahali pa kudakwa. Haivuki yenyewe kuingia katika uzi mwingine.

Chukua duka la vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, lenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java ambayo uzi wake mmoja huonyesha bei kwenye kioo na mwingine husoma ujumbe wa malipo na kuchapisha risiti. Malipo ya shilingi 850 na 920 yanapita vizuri asubuhi yote. Kisha unaingia ujumbe wa shilingi 1,500, pamoja na koma yake, ambayo Integer.parseInt, agizo la kugeuza maandishi kuwa namba, haiikubali, hitilafu iitwayo NumberFormatException inarushwa, hakuna wa kuidaka, na uzi wa risiti unakufa. Maelezo ya kosa huchapishwa, lakini programu ilifunguliwa kwa kubofya alama yake tu, kwa hiyo hakuna dirisha la kuyaonyesha. Bei zinaendelea kubadilika kwenye kioo, na mwenye duka, masikini, anafungua printa kutazama kama karatasi zimekwisha.

Kosa la kawaida ni kuizungushia start() maneno try na catch, ambayo hujaribu kazi na kudaka hitilafu yake. Agizo la start() huanzisha uzi mpya na kurudi mara moja. Kitakachotokea ndani ya uzi huo hakiifikii catch iliyobaki nje. Hitilafu idakwe ndani ya run() yenyewe, sehemu inayobeba kazi ya uzi, na kwa zile zitakazoponyoka, tangu Java 5 ya mwaka 2004 kuna UncaughtExceptionHandler, ambayo inaweza kuandika kosa kwenye faili. Lugha ya Python ilipata chombo cha aina hiyo, threading.excepthook, katika toleo la 3.8, mwaka 2019.

Lugha ya C++ ni kali zaidi: tangu kiwango cha 2011, hitilafu ikiutoka uzi wa std::thread bila kudakwa, programu nzima huzimwa. Binafsi naona ukali huo una nafuu, kwa kuwa programu iliyozimika huitiwa fundi siku hiyohiyo.

Mtego mwingine wa Java ni submit(), njia ya kukabidhi kazi kwa kundi la nyuzi, ambayo huificha hitilafu ndani ya Future, kifurushi cha matokeo ya baadaye, mpaka mtu aite get() kuyachukua. Asipoita, hata maelezo hayachapishwi.

Kuna pia suala la kufuli, inayozuia nyuzi mbili kugusa data ileile kwa wakati mmoja. Sehemu iliyofungwa kwa neno synchronized la Java hujifungua yenyewe hitilafu inapotoka, lakini kufuli ya ReentrantLock hubaki imefungwa agizo lake la kufungua, unlock(), lisipowekwa ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata hitilafu ikitoka, na hapo hata ule uzi wa bei, ukihitaji kufuli hiyo, utasimama kungoja ufunguo ambao mwenzake alikufa nao.