Haki ya Wapalestina Haianzii Kwenye Meza ya Mazungumzo

Kila ninapofundisha sheria ya kimataifa hutokea mtu akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba Waisraeli na Wapalestina ni pande mbili zinazogombana tu, na kwamba zikikaa mezani zitaelewana. Nimechoka kuisikia kauli hii.

Zitazameni barua ambazo viongozi wa pande hizo waliandikiana Septemba 9, 1993. Yasser Arafat, kiongozi wa PLO (Chama cha Ukombozi wa Palestina), aliitambua haki ya dola la Israel kuishi kwa amani na usalama. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel, kwa jibu fupi, aliitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina, basi. Dola lao halikutajwa.

Linaloniudhi zaidi ni suala la fedha, kwa kuwa halizungumzwi. Chini ya Itifaki ya Paris ya 1994, mkataba wa uchumi kati ya Israel na PLO, mfanyabiashara wa Nablus, mji wa Kipalestina katika Ukingo wa Magharibi, anayeingiza shehena kupitia bandari ya Ashdod iliyoko Israel hutozwa ushuru na idara ya forodha ya Israel, nayo Israel hukata asilimia 3, kisha hupaswa kuikabidhi Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya ndani ya Wapalestina, kinachobaki kila mwezi. Mishahara ya walimu na wauguzi hutegemea fedha hizo. Palestina ilipojiunga na UNESCO mwaka 2011, Israel ilizizuia. Ilipopewa hadhi ya dola mwangalizi katika Umoja wa Mataifa mwaka 2012, zilizuiwa tena. Na ilipoomba kujiunga na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwanzoni mwa 2015 zikazuiwa kwa mara nyingine. Haya si mazungumzo ya walio sawa, maana mmoja ndiye ashikaye mkoba wa mwenzake, na huufunga mwenzake anapokwenda kudai haki mahali pengine.

Ndiyo maana ninayathamini maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 19, 2024, yaliyosema kwamba haki ya Wapalestina kujiamulia mustakabali wao haiwezi kuwekewa masharti na dola linaloikalia ardhi yao. Mazungumzo yanaweza kupanga mipaka, maji na usalama, lakini hayana mamlaka ya kuamua kama haki hiyo ipo.

Wayahudi wa Israel nao wana haki hiyohiyo, na hofu yao baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 ni ya kweli. Namna haki hizo mbili zitakavyokaa pamoja katika mji mmoja kama Jerusalem, sheria ninayoifundisha haijanitosheleza kwa jibu. Wala haina askari: Septemba 18, 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa kura 124, liliitaka Israel ikomeshe ukaliaji huo ndani ya miezi 12, na muda huo ulipokwisha makazi ya walowezi wa Israel katika ardhi hiyo yalikuwa palepale.