Je, wajua kwa nini umeme hafifu kichwani hauwezi kukufundisha kitu peke yake?

Vifaa ni vichache: vipande viwili vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi, mkanda wa kuvishikilia kichwani, nyaya mbili na betri. Kwa dakika 20 hivi mkondo wa miliampea 1 au 2 hupita kutoka sponji moja hadi nyingine, na sehemu yake hupenya mpaka kwenye ubongo. Ngozi huwashawasha kidogo, basi. Kwa njia hiyo watafiti wanapima kama mtu anaweza kujifunza upesi zaidi hesabu, lugha, au kutumia tena mkono uliolegezwa na kiharusi.

Mara nyingi habari hii huchanganywa na tiba ya mshtuko wa umeme inayotolewa hospitalini kwa sonona kali. Ile hutumia takriban miliampea 800, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, na lengo lake ni kuzusha degedege fupi. Hii ya sponji haizushi chochote cha namna hiyo; mtu hukaa macho akiendelea na kazi yake.

Dhana iliyo ngumu zaidi kung'oka ni kwamba ubongo unachajiwa. Ubongo hauna mahali pa kuweka akiba ya umeme wa nje. Kila seli ya neva hujitengenezea umeme wake kwa kusukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu, na nguvu ya kazi hiyo hutoka kwenye sukari na oksijeni. Betri ikizimwa, mkondo wake umekwisha. Tena hata ukiwa unapita, unaofika ndani ni haba: vipimo vilivyofanywa kwa maiti na kuchapishwa mwaka 2018 vilionyesha kuwa takriban robo tatu ya mkondo hupotelea kwenye ngozi na fuvu.

Linganisha basi na mahitaji ya seli. Ikiwa imetulia, seli ya neva huwa kwenye milivolti -70 hivi, na ili ifyatue ishara inabidi ipande hadi karibu -55. Ni safari ya milivolti 15. Umeme wa sponji huisogeza seli kwa chini ya milivolti 1. Kwa hesabu hiyo hauwezi kuifyatua seli hata moja iliyotulia.

Kwa nini basi kuna badiliko lolote? Fikiria mtungi unaodondoshewa maji tone kwa tone. Matone ni ishara zinazotoka kwa seli nyingine. Maji yakifika ukingoni humwagika, na kumwagika huko ndiko kufyatua. Umeme wa nje hauongezi hata tone. Unachofanya ni kuushusha ukingo kwa unywele tu. Mtungi mkavu, usiodondoshewa kitu, hautamwagika ng'o hata ukingo ukishushwa. Lakini ule uliokwisha kujaa pomoni utamwagika mapema kidogo. Sasa chukua maelfu kwa maelfu ya mitungi ya aina hiyo, yote ikidondoshewa kwa sababu mtu anafanya zoezi fulani wakati huohuo, na unywele ule unaanza kuhesabika. Ndiyo maana zoezi lenyewe ni nusu ya tiba: ndilo linaloleta matone.

Mwaka 2000 watafiti Michael Nitsche na Walter Paulus, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, walipima jambo hili kwa msuli wa kidole cha mwisho. Ncha chanya ikiwekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, mtikisiko wa msuli huo, ulioamshwa kwa pigo la sumaku kichwani na si kwa umeme wa sponji, uliongezeka. Ncha hasi ikikaa hapo, ulipungua. Tofauti ilifika hadi asilimia 40. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa dakika 13 za umeme zinaweza kuacha athari hadi saa moja na nusu.

Athari hiyo inakaa wapi, kama si chaji iliyobaki? Jibu lilitoka kwenye dawa ya kikohozi. Deksitromethofani huziba aina moja ya vipokezi ambavyo seli hutumia kuimarisha miunganiko yake, na vipokezi hivyo ni muhimu sana katika kujifunza. Watu waliopewa dawa hiyo kabla hawakubakiwa na athari baada ya betri kuzimwa. Kinachobaki, basi, ni kazi ya miunganiko yenyewe. Mimi hili linanivutia kuliko ahadi zote za kuongeza akili.

Kuhusu ahadi hizo, ushahidi unayumba. Mwaka 2009 watu waliopata umeme wakati wa mazoezi ya mkono ya siku tano waliwapita wenzao, na tofauti ilikuwapo bado baada ya miezi mitatu. Lakini mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti nyingi haukukuta athari ya kuaminika kwenye fikra za watu wenye afya baada ya kikao kimoja. Kuongeza dozi pia si suluhisho: ncha hasi inayopunguza mtikisiko wa msuli kwa miliampea 1 ilionekana mwaka 2013 ikiuongeza kwa miliampea 2.

Mwaka huohuo, huko Oxford, watu walijifunza alama ngeni zinazowakilisha tarakimu. Umeme ulipopita sehemu ya nyuma ya ubongo, kwenye eneo la parieto, walizishika upesi, ila hawakuweza kuzitumia bila kufikiri. Ulipopita sehemu ya mbele walizishika polepole, lakini matumizi yakawa mepesi. Mwaka 2016 watafiti kadhaa walitoa barua ya wazi kwa wanaojiwekea vifaa hivi nyumbani, wakitaja hatari hiyohiyo ya kupata huku na kupoteza kule, na kwamba shughuli anayofanya mtu wakati umeme unapita inaweza kubadilisha matokeo.