Maili laki mbili, na cheo hamna

Wafanyabiashara wengi wa Darajani wanaopitia Addis Ababa au Doha kufuata mzigo Guangzhou wanaamini kwamba maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri wake, zikishajaa kwenye akaunti, cheo cha dhahabu kinakuja chenyewe. Hakiji.

Akaunti ina hesabu mbili. Ya kwanza ni akiba ya matumizi: unanunulia tiketi, unapandia daraja la mbele. Ya pili hupima ulivyosafiri ndani ya kipindi maalumu, na hiyo ndiyo inayoamua cheo. Qatar Airways wamezitenga hata kwa majina: Avios ni za kutumia, Qpoints ni za cheo. Ukinunua Avios, hata kwa pesa za nyumba nzima, cheo hakisogei. Na tiketi ya bei poa, ile tunayoigombania sote, huleta pointi chache kuliko ya bei kamili kwa safari ile ile.

Tena usizigawe safari kwa kila shirika. Ethiopian wamo Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, tangu 2011, na Turkish nao wamo; kwa hiyo ukipanda Turkish toka hapa Unguja, toa namba yako ile ile ya ShebaMiles, akaunti ya maili ya Ethiopian.

Faida kubwa ya cheo kwa mfanyabiashara mwenye mabegi si sebule ya kusubiria, jamani. Dhahabu ya Star Alliance inakupa kilo 20 za ziada pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi inapohesabiwa kwa vipande. Cheo cha fedha, kilicho chini ya dhahabu, hakikupi hizo kwenye mashirika yote ya umoja huo; soma masharti kabla hujafunga mabegi.