Shairi Zuri Halipimwi kwa Mizani Peke Yake

Muulize yeyote aliyepita sekondari Tanzania au Kenya shairi ni nini, atakuhesabia. Mistari minne, kila mstari mizani (yaani silabi) 16, nane ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na nane utao, nusu ya pili, kina cha kati, kina cha mwisho, halafu kibwagizo, mstari unaorudiwa kila ubeti. Hajakosea. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka sheria hizo kitabuni mwaka 1954, na muda mrefu kabla yake malenga wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa wakizifuata kwa masikio, bila kitabu.

Kazi huanza ukimuuliza swali la pili: zuri ni lipi? Wengi hurudi kulekule, wakaanza kuhesabu upya.

Tuanze basi na hesabu yenyewe, kwa maana si jambo la kudharau. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Unafungua hivi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Kila kipande kina mizani nane. Mgeni wa ushairi atajikwaa kwenye kile cha kwanza, ahesabu saba, kwa sababu hajui kwamba "binti" ni mizani tatu: bi-n-ti. Hiyo "n" inajitegemea, na sikio la mwimbaji hulijua hilo hata kama hajawahi kusikia neno silabi. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kina chake, na hicho cha nne ndicho kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho wa utenzi. Ndiyo bahari, yaani aina ya utungo, ya utenzi, na ndiyo iliyowawezesha watu kuhifadhi tungo ndefu vichwani.

Sasa tazama kilichomo ndani ya hesabu. Mama anamwita mwanawe asogee, asikilize wasia, "asa", yaani huenda, akauzingatia. Angeweza kuamuru, kwani ni mama na ni wasia. Amechagua huenda. Neno hilo la mizani mbili linatuonyesha mgonjwa anayejua kwamba hatakuwapo kuhakikisha. Mizani imetimia, na hakuna neno lililoletwa kuja kuitimiza.

Hapo ndipo tungo nyingi tunazoletewa kuzihakiki zinapoanguka. Mfano ufuatao nimeutunga mwenyewe nisije nikamwaibisha mtu, ila atakayeujua aina yake ataujua:

Elimu jambo muhimu, kila mtu aitaka,
Tena ni kitu adhimu, ndugu bila kuwa shaka,
Someni ndugu walimu, msomapo mtafika,
Elimu ni kitu tamu, kama asali hakika.

Hesabu: nane kwa nane, mstari hadi mstari. Vina vimekaa. Mwalimu wa kusahihisha kwa kalamu nyekundu hana pa kuandika. Lakini walimu wameingiaje hapo? Wao ndio wanaoambiwa wasome? Wameingia kwa sababu wanaishia na "mu". "Bila kuwa shaka" ni "bila shaka" iliyovutwa ili ipate mizani mbili za ziada. "Hakika" imewekwa mwishoni kuziba pengo, na "ndugu" ametajwa mara mbili bila kuwa na shughuli yoyote. Katika ubeti huu kina ndicho kinachomwongoza mtunzi, naye anafuata nyuma kama mbuzi wa mnadani. Isitoshe, kwamba elimu ni muhimu nilikuwa nalijua kabla sijaanza kusoma.

Jambo lilelile, bahari ileile, lingeweza kuendewa hivi:

Barua mama kapata, kaikunjua jamvini,
Kwa kidole akipita, asijue yasemani,
Niko nje kaniita, nimsomee uani,
Mabaya nikayafuta, nikasoma ya moyoni.

Sidai kwamba huu ni ubeti wa malenga. Nadai kwamba una mtu ndani yake. Neno elimu halimo, ila mama asiyejua kusoma yumo, aibu yake imo (uani, mbali na masikio ya watu), na mtoto anayegundua kwamba kujua kusoma kumempa uwezo wa kumdanganya mama yake kwa kumhurumia. Je, alifanya vyema? Ubeti hausemi, na mimi nisingependa useme. Sifa mojawapo ya ushairi mzuri ni kumwachia msomaji kazi. Washairi wetu chipukizi wengi wanaogopa kuiacha kazi hiyo, hivyo hufunga kila ubeti kwa nasaha, kama vile msomaji asipoambiwa maana ataondoka mikono mitupu.

Utaona pia "yasemani" badala ya "yasema nini". Hiyo ni inkisari, ufupishaji wa neno ili mizani itoshe, nayo ni ruhusa ya mshairi tangu zamani. Mbona basi "kitu tamu" nimeilaumu kimoyomoyo na hii nimeipitisha? Kwa sababu "yasemani" watu huitamka, sikio linaikubali palepale. "Kitu tamu" ni "kitu kitamu" iliyokatwa mguu. Uhuru wa mshairi una mpaka, na mpaka wenyewe ni sikio la msemaji wa lugha.

Kuhusu mashairi yasiyofuata vina, ule ugomvi mkali wa miaka ya 1970 umepoa na sioni haja ya kuuwasha. Mwaka 1973 ilichapishwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyoitunga akiwa mfungwa wa kisiasa Kenya, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kwa kushika kanuni za jadi. Mwaka uliofuata ikatoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, Mtanzania kutoka Ukerewe, aliyeziacha kanuni hizo kwa makusudi. Anayesema vina humfunga mtu mdomo amsome wa kwanza. Anayesema bila vina hakuna shairi amsome wa pili. Ninachowatahadharisha vijana ni kudhani kwamba shairi huru ni rahisi. Ukiondoa kina umeondoa pia pazia: neno legevu lililokuwa likijificha nyuma ya mlio wake sasa linaonekana na kila mtu. Kukata sentensi ya gazeti vipande vipande hakujaigeuza kuwa shairi.

Kibwagizo nacho kinastahili uangalifu kuliko kinavyopewa. Wengi hukiandika mara moja kisha wanakinakili hadi ubeti wa mwisho, kikiwa na maana ileile kila mara. Mtunzi stadi huipanga mistari mitatu ya juu ili kibwagizo kinaporudi, maneno yakiwa hayajaguswa, kisikike tofauti: mara ya kwanza ni ahadi, mara ya nne ni tishio, mara ya mwisho pengine ni kejeli. Ushairi wetu ulizaliwa kuimbwa, na mwimbaji hujua kubadilisha mahadhi ya mstari uleule. Kwenye karatasi kazi hiyo inabaki kwa mtunzi.

Ukishamaliza kutunga, lighani shairi lako kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua, usimpe karatasi. Atakapokuomba urudie, weka alama. Uliza ameshindwa kusikia au amependa, maana ni mambo mawili tofauti. Kisha zitazame beti moja moja. Kama wa nne na wa saba zinaweza kubadilishana nafasi na msikilizaji asishtuke, basi zinasema jambo moja. Futa mmoja.